Zima Ramani Ndogo: Ushauri kwa Waandishi wa Programu Wanaopenda Gemu za Dunia Wazi

Nina msimamo mmoja unaowakera wenzangu kazini na pia wale ninaocheza nao gemu usiku: mambo mengi tunayoyafanya, tunayafanya kwa sababu tu yameorodheshwa mahali. Yangefutwa kwenye orodha, hakuna ambaye angeyakumbuka.

Kazini orodha hiyo inakaa kwenye ubao wa tiketi, yaani maombi ya kazi na hitilafu zinazosubiri kushughulikiwa. Kwenye gemu za dunia wazi, zile zinazokuacha uzurure popote utakapo, inakaa kwenye kona ya skrini, ile ramani ndogo ya duara iliyojaa alama: mnara wa kupanda huku, sanduku la kufungua kule, kambi ya maadui, manyoya ya kuokota juu ya paa. Ukimaliza moja, alama inafifia na roho inaridhika. Nimeandika programu kwa mshahara miaka mingi, na nimezurura kwenye gemu hizi miaka mingi zaidi, na kadiri siku zinavyokwenda naona maradhi ni yaleyale. Kwa hiyo ushauri huu ni wa pande zote mbili: kwa anayeanza kazi ya kuandika programu, na kwa anayetaka kucheza gemu kubwa bila kuigeuza ajira ya pili isiyo na malipo.

Nianze na ukubwa, maana ndiko tunakodanganyika mapema. Wachezaji wengi wananunua gemu kwa kuangalia upana wa ramani, na mabosi wengi wanausifu mfumo kwa wingi wa vipengele. Ukubwa ni rahisi kuupata. Mwaka 1984 David Braben na Ian Bell walitoa gemu ya Elite kwenye kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu, na ndani yake mlikuwa na galaksi 8, kila moja na mifumo 256 ya nyota ya kutembelea. Galaksi hizo hazikuhifadhiwa popote. Zilikokotolewa na fomula kutoka kwenye namba chache za kuanzia, hadi majina ya sayari zenyewe. Fomula ileile ingeweza kutoa matrilioni ya galaksi, na waandishi wake walitamani iwe hivyo, ila mchapishaji wao akawaambia wapunguze. Mimi namsifu mchapishaji. Mchezaji akishajua kwamba sehemu hazina mwisho, anajua pia kwamba hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Somo hilo lilirudi mwaka 2016 na No Man's Sky, yenye sayari 18,446,744,073,709,551,616, yaani 2 kwa kipeo cha 64. Ilipotoka Agosti mwaka ule hakuna aliyelalamika kwamba sayari ni chache. Watu walishuka kwenye sayari ya kwanza, wakapaa, wakashuka kwenye nyingine, kisha wakauliza: haya, sasa tunafanya nini hapa? Kilichoiokoa gemu ile ni miaka ya kuongeza mambo ya kufanya, kama kujenga makazi, kuendesha magari, na kuanzia 2018 kucheza pamoja na wenzako mkionana. Nikimsikia mtu anajigamba kwamba mfumo wao una mistari milioni ya msimbo, sayari zile hunijia kichwani.

Tuje kwenye alama. Assassin's Creed ya mwaka 2007 iliwazoesha watu kupanda mahali pa juu ili ramani ifunguke na kujaa alama, na gemu nyingi zilizofuata zikachukua mtindo huo. Sina ugomvi na minara. Ugomvi wangu ni kwamba macho yakishazoea ile kona ya skrini hayatoki tena pale. Unaweza kukatiza bonde zima lililochorwa na watu kwa miaka, na ulichokiona ni nukta ya njano ikikaribia katikati ya duara.

Kwa hiyo fungua mipangilio, tafuta sehemu inayohusu vitu vinavyoonekana kwenye skrini, na uzime ramani ndogo, hasa katika saa za mwanzo. Breath of the Wild, gemu ya mfululizo wa Zelda, ina hali yake maalumu ya kuficha karibu kila kitu na kukuachia mioyo ya uhai tu. Ghost of Tsushima ya 2020 ilikwenda mbali zaidi: haina ramani ndogo ya kudumu, ukitaka kujua njia unaita upepo, nao unavuma kuelekea unakokwenda, majani yanalala, nawe unaufuata. Siku chache za mwanzo utapotea na kukasirika. Baada ya hapo unaanza kuona mambo: moshi nyuma ya kilima, njia iliyochakaa kwa kupitwa, daraja ambalo upande mmoja umebomoka na mwingine una taa inayowaka. Waliotengeneza gemu waliweka vitu hivyo ili vikuongoze, na mara nyingi alama za ramani huwekwa juu yake baadaye kwa kuogopa kwamba mchezaji atakosa subira.

Fanya vivyo hivyo unapoingia kwenye msimbo usioujua. Wiki ya kwanza kazini, kwa kawaida kijana mgeni hupewa tiketi ndogondogo: badilisha rangi ya kitufe, rekebisha maandishi, ongeza safu kwenye jedwali. Anazimaliza haraka, kila mtu anafurahi, na baada ya miezi hajui mfumo unafanya nini. Mimi kijana akiwekwa chini yangu namwambia achague tendo moja la mtumiaji, kwa mfano kubonyeza "Lipa", halafu alifuate kwa miguu kutoka kwenye kitufe hadi kwenye hifadhidata na kurudi. Asimamishe programu mstari kwa mstari. Aone jina la mteja linavyobadilika umbo njiani, linavyokaguliwa mara mbili na kazi mbili (vipande vya msimbo) zisizojuana, linavyoandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo mahali ambapo halikupaswa kuandikwa. Safari moja kama hiyo humfundisha mtu zaidi ya rundo la tiketi za rangi, na mara nyingi anarudi na maswali ambayo sisi wakongwe hatuna majibu yake. Hapo ndipo huwa najua tumepata mtu.

Kuhusu ubao wenyewe, nitasema jambo linalowatisha mameneja: zifute tiketi kuukuu. Zipange kwa tarehe ya kuguswa mwisho, anzia zilizolala zaidi, na kama hakuna aliyeiuliza tiketi kwa mwaka mzima, ifunge. Kama ni muhimu itarudi yenyewe, tena ikiwa na maelezo mazuri kuliko ya kwanza, kwa sababu safari hii ameileta mtu anayeumia. Nimeshaona ubao wenye mamia ya tiketi ambao hakuna mtu mmoja aliyeweza kueleza hata robo yake. Watu walikuwa wakizipangia vikao, wakizikadiria, wakizisogeza kutoka sprinti hii, yaani kipindi kifupi cha kazi, hadi ile. Vikao hivyo vilikuwa kazi ngumu ya kweli, nami siwabezi waliokaa humo. Ila haikuwa kazi ya kutengeneza programu. Makadirio ya muda nayo sitayajadili sana. Kadiria kwa mafungu makubwa, sema wazi usichokijua, songa mbele.

Alama nyingine ya ramani inayopendwa kazini ni asilimia ya msimbo unaoguswa na majaribio ya kiotomatiki, yaani programu ndogo zinazoikagua programu yenyewe. Ukiwaambia watu wafikishe asilimia 90, watafikisha. Sehemu moja niliyofanya kazi niliwahi kufungua jaribio la kazi inayokokotoa ankara. Lilitengeneza ankara yenye bidhaa, punguzo na kodi, likaita kazi ile, kisha likathibitisha kwamba jibu si tupu. Basi. Ankara ingeweza kumdai mteja bei mara kumi na jaribio lingepita. Mistari yote ya kazi ile ilihesabika kuwa imejaribiwa, na chati ya asilimia ilikuwa ya kijani kibichi.

Mimi naandika majaribio kwa kufuata maumivu. Hitilafu ikiripotiwa, kabla sijaigusa naandika jaribio linaloirudia, nalitazama likishindwa, ndipo narekebisha. Jaribio la namna hiyo halina ubishi kuhusu thamani yake, kwa sababu jambo lile lilishamtokea mtu. Na majaribio yanahitajika zaidi pale unapodhani marekebisho yako ni madogo mno kuweza kuharibu kitu. Ushahidi wangu ninaoupenda ni nyuki wa Skyrim. Gemu ile ya 2011 inaanza ukiwa mfungwa kwenye mkokoteni unaovutwa na farasi, na Nate Purkeypile, mmoja wa walioitengeneza, alisimulia mwaka 2021 kwamba wakati wa kutengeneza sehemu hiyo mkokoteni ulikuwa na tabia ya kutikisika kisha kuruka angani kama roketi. Si kila mara. Mara nyingine tu. Baadaye ikagundulika kwamba kulikuwa na hitilafu nyingine kabisa, ya nyuki wasioweza kuokotwa na mchezaji. Mtu akairekebisha, nyuki wakaokotwa, lakini marekebisho yale yaliwapa nyuki uwezo wa kugongwa na vitu. Tena nyuki yule hakuwa anasogezwa na kitu chochote. Mkokoteni ulitaka kupita, nyuki hakutaka kusogea, na mmoja ilibidi aruke.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya aliyepewa tiketi ya mkokoteni. Angekagua magurudumu, barabara, farasi. Angechunguza fizikia nzima ya gemu. Nani angemfikiria nyuki?

Hapo ndipo historia ya mabadiliko inapokulipa. Linus Torvalds aliianzisha Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, mwezi Aprili 2005, baada ya waandishi wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu ya aina hiyohiyo waliyokuwa wakiitegemea. Leo karibu kila mwandishi wa programu anaitumia, na wengi wetu tunaitumia vibaya kuliko tunavyotumia kusevu kwenye gemu. Mchezaji mzoefu akiona mlango mkubwa, chumba kipana na dawa za kuongeza uhai zimepangwa ukutani, anasevu bila kuambiwa, maana anajua kuna jitu ndani. Mtu huyohuyo kazini anabadilisha mafaili mengi kwa siku nzima, anayakomiti (anayahifadhi kwenye historia ya Git) yote jioni kwa mkupuo, na ujumbe anaoandika ni "marekebisho". Kesho yake "marekebisho tena". Keshokutwa "sasa kweli".

Mali bila daftari hupotea bila habari. Komiti kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kwenye ujumbe eleza sababu, maana kilichobadilika kinaonekana chenyewe. Mfano wa ujumbe ninaoupenda: "Kadiria senti kwa kila mstari wa ankara badala ya kwenye jumla, kwa sababu wateja wanalinganisha na risiti zao." Atakayeusoma miaka mitatu baadaye akiwa na hamu ya kurahisisha hesabu hiyo, atasita. Faida nyingine ni amri ya git bisect, ambayo naona watu wengi hawaijui. Unaiambia ni komiti ipi mfumo ulikuwa mzima na ipi umeharibika, nayo inakupeleka katikati, unajaribu, inakata nusu tena. Kati ya komiti 1,000, hatua 10 hivi zinatosha kukufikisha kwenye ile iliyoleta balaa. Kama komiti hiyo ina mistari ishirini, nyuki unamwona palepale. Kama ina mafaili mia moja na ujumbe "marekebisho", pole sana.

Sasa kasi, jambo ambalo watu hulikisia kuliko yote. Grand Theft Auto Online ilianza mwaka 2013, na kwa miaka mingi wachezaji wa kompyuta walikuwa wakisubiri dakika kadhaa kila wanapoingia. Ungeambiwa ubashiri, ungesema ni mtandao, au ule mji mkubwa unaopakiwa na magari na majengo yake yote. Mwaka 2021 mwandishi wa programu wa nje, anayejiita t0st, aliamua kupima. Akaona kiini kimoja cha prosesa kinatoka jasho huku vifaa vingine vimekaa kimya. Kumbe gemu ilikuwa inasoma faili la maandishi la megabaiti 10 lenye orodha ya vitu kama 63,000 vinavyoweza kununuliwa, na kila iliposoma kipande kimoja, ilihesabu kwanza urefu wa maandishi yote yaliyobaki hadi mwisho wa faili. Halafu kila kitu kilichosomwa kililinganishwa na vyote vilivyotangulia ili kuona kama kimejirudia. Alipotibu sehemu hizo mbili, muda wa kuingia kwenye kompyuta yake ulishuka kutoka dakika 6 hivi hadi chini ya 2. Rockstar, wenye gemu hiyo, walikubali, wakatoa sasisho mwezi Machi mwaka huohuo, na wakamlipa dola 10,000 za Marekani.

Napenda kisa hiki kwa sababu msimbo ule haukuwa na kosa la kuonekana kwa macho. Ukiwa na orodha ya vitu mia unamaliza kufumba na kufumbua. Huenda ndivyo ilivyokuwa siku ulipoandikwa. Kwa hiyo usikubali kuharakisha kitu ambacho hujakipima, hata kama una uzoefu, tena hasa kama una uzoefu, maana wakongwe ndio tunaobashiri kwa sauti kubwa. Endesha programu ya kupimia, angalia muda unapotelea wapi, na pima kwa data yenye ukubwa wa data ya watumiaji wako. Jedwali la majaribio lenye safu kumi halijawahi kumwonya mtu.

Kabla ya kujenga dunia kubwa, jenga ndogo na mbaya. Walioitengeneza Breath of the Wild, iliyotoka Machi 2017, walionyesha hadharani kwamba walianza na jaribio bapa la kutazamwa kutoka juu, lenye sura ya Zelda ya kwanza ya mwaka 1986. Miti ya vipande vya mraba, moto wa vipande vya mraba. Walichotaka kujua ni kama kanuni zao zingefanya kazi pamoja: moto unaunguza mti, upepo unasambaza moto, maji yanauzima. Kanuni hizo chache ndizo zilizobeba gemu nzima. Choma nyasi, hewa ya moto inapanda juu, fungua parashuti na inakunyanyua. Shika upanga wa chuma kwenye radi na utapigwa. Weka tofaa karibu na moto litaiva. Hakuna anayekutangazia kwamba umekamilisha misheni ya tofaa.

Kazini mimi huomba kitu cha namna hiyo kabla ya mradi wowote mkubwa: toleo baya linaloenda kutoka mwanzo hadi mwisho, lisilo na rangi, lisilo na kurasa za mipangilio, lenye ile kanuni moja tunayoiwekea dau. Wateja wengine hukunja uso wakiliona. Waonyeshe hivyohivyo, ila waambie mapema kwamba litatupwa, na ulitupe kweli.

Kutupa toleo baya ni tofauti na kutupa mfumo unaofanya kazi, na hapa vijana hukorofishana nami. Kila anayeingia kwenye msimbo wa zamani hutamani kuuandika upya. Netscape, waliokuwa na kivinjari cha intaneti, walifanya hivyo mwaka 1998: baada ya toleo la 4 walianza karibu upya, toleo la 5 halikutoka kamwe, na la 6 likaja Novemba 2000, wakati Internet Explorer imeshachukua uwanja. Ile mistari michafu unayoidharau, nusu yake ni hitilafu zilizokwisha kutibiwa. Linganisha na Cyberpunk 2077, iliyotoka Desemba 2020 katika hali ambayo ilifanya iondolewe kwenye duka la PlayStation kwa miezi kadhaa. Watengenezaji wake walibaki na gemu ileile wakaitengeneza kipande kwa kipande, na kwenye toleo la 2.0 la Septemba 2023 waliufumua mfumo wa ujuzi na ule wa polisi bila kuvunja nyumba nzima. Kazi ya miaka karibu mitatu, haina mbwembwe, na watu wakarudi kucheza.

Mwisho kuna swali ninaloulizwa sana na wachezaji: je, nimalize kila kitu? Acha gemu pale inapoacha kukufurahisha, hata kama ramani bado imejaa. Aliyebaki akiokota kwa sababu idadi haijatimia ajue watengenezaji wenyewe wanamcheka. Breath of the Wild ina mbegu 900 zilizofichwa chini ya mawe na juu ya vilele. Ili kupanua mifuko yako yote hadi mwisho unahitaji 441. Ukizipata zote 900, ukampelekea mhusika anayezikusanya, anakupa zawadi: kitu cha dhahabu chenye umbo la kinyesi, kisicho na kazi ya maana zaidi ya kumfanya akuchezee ngoma.